Swali la Namba Lisiloonyesha Pa Kuanzia

Swali: Mwalimu, shikamoo. Niko sekondari, nimebakiza miaka miwili kufanya mtihani wa mwisho. Mazoezi ya aljebra ya darasani nayamaliza bila shida, lakini maswali ya mashindano yananishinda hata kuyaanza. Nikionyeshwa jibu naelewa kila mstari, kisha nabaki najiuliza mtu aliwezaje kulifikiria. Juzi nimekwama hapa: tafuta namba kamili zote x na y zinazotimiza xy − 3x + 2y = 17. Tumefundishwa kwamba herufi mbili zinahitaji milinganyo miwili, na hapa upo mmoja tu. Niliitenga y nikapata y = (3x + 17)/(x + 2), nikaishia hapo. Je, kuna kanuni ambazo sisi hatufundishwi, au ni suala la kipaji?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na hiyo y yako, kwa sababu uliiacha pazuri kuliko unavyodhani. Ulikuwa umebakiza hatua moja. Gawanya: 3x + 17 ni 3(x + 2) na ziada ya 11, kwa hiyo y = 3 + 11/(x + 2). Sasa y ni namba kamili na 3 ni namba kamili, basi 11/(x + 2) nayo lazima iwe namba kamili. Namba zinazoigawanya 11 bila baki ni nne tu: 1, −1, 11 na −11. Hivyo x + 2 ni mojawapo ya hizo, na majibu ni (−1, 14), (−3, −8), (9, 4) na (−13, 2). Hakuna mengine. Yaingize yote manne kwenye mlinganyo wa awali ujiridhishe.

Kwa hiyo hukukosa kanuni. Kilichokuponyoka ni maneno mawili yaliyo ndani ya swali lenyewe: "namba kamili". Ni kweli kwamba herufi mbili zinahitaji milinganyo miwili pale x na y zinaporuhusiwa kuwa namba yoyote, sehemu na desimali zikiwemo. Hapa haziruhusiwi. Katazo hilo ndilo mlinganyo wa pili uliokuwa ukiutafuta, na katika maswali ya aina hii karibu kila hatua nzuri hutokana na mtu kukumbuka kulitumia.

Sasa litazame swali lako katika umbo jingine. Kwenye xy − 3x + 2y, vipande viwili vya kwanza vinatoa x(y − 3). Kipande cha tatu, 2y, kingekuwa 2(y − 3) kama kingepungua 6. Basi toa 6 pande zote mbili: xy − 3x + 2y − 6 = 11, yaani (x + 2)(y − 3) = 11. Majibu ni yaleyale manne, ila safari hii yanaonekana kabla hujashika kalamu. Namba kamili mbili zenye jumla ya 11 ni nyingi zisizo na mwisho, lakini zenye zao la 11 ni jozi nne tu. Jumla haikwambii karibu chochote kuhusu namba zilizoiunda. Zao linakwambia mengi mno. Ndiyo maana, ukinitaka nikupe jambo moja la kushika katika aljebra ya namba kamili, nitakupa hili: ligeuzegeuze swali mpaka upande mmoja uwe zao na upande wa pili uwe namba unayoijua.

Unauliza mtu aliwezaje kulifikiria. Mara nyingi hakulifikiria. Aliliona, baada ya kujaza ukurasa kwa namba ndogo. Chukua swali hili: kwa n asilia, ni lini n⁴ + 4 huwa namba tasa? Usitafute ujanja bado. Hesabu tu. n = 1 inatoa 5, n = 2 inatoa 20, n = 3 inatoa 85, n = 4 inatoa 260, n = 5 inatoa 629. Ya kwanza ni tasa, nyingine sivyo: 85 ni 5 × 17, na 629, ambayo kwa macho inaonekana kama tasa, ni 17 × 37. Hiyo 17 iliyojitokeza mara mbili inanishtua, kwa hiyo naandika zote kama mazao na kuchagua vigawo vinavyofuatana vizuri: 1 × 5, 2 × 10, 5 × 17, 10 × 26, 17 × 37. Upande wa kushoto ni 1, 2, 5, 10, 17. Upande wa kulia ni 5, 10, 17, 26, 37. Ni mfuatano uleule, umesogezwa hatua mbili! Na kila namba humo ni kipeo cha pili kilichoongezwa 1. Basi nashuku kwamba n⁴ + 4 ni sawa na (n − 1)² + 1 mara (n + 1)² + 1.

Ipeleke shuku hiyo kwenye aljebra. Ya kwanza ni n² − 2n + 2, ya pili ni n² + 2n + 2. Zizidishe na utapata n⁴ + 4 kamili, bila kubaki kitu. Kwa n iliyo kubwa kuliko 1, kigawo kidogo kinaanzia 2, kwa hiyo n⁴ + 4 haiwi tasa tena. Jibu ni n = 1 pekee.

Vitabu vingi huandika uthibitisho huu kinyumenyume: "ongeza 4n² kisha uitoe, upate (n² + 2)² − (2n)², halafu tumia tofauti ya vipeo viwili vya pili." Ni sahihi na ni mfupi. Lakini hiyo "ongeza kisha uitoe" ndiyo inayomfanya kijana aliye makini ajione hana akili, kwa sababu haonyeshwi ilikotoka. Mimi huamini kabisa kwamba mwanafunzi angepewa kwanza ile orodha ya mazao matano, angeifikia mwenyewe. Umbo lake pana ni a⁴ + 4b⁴ = (a² + 2ab + 2b²)(a² − 2ab + 2b²), nalo limepewa jina la Sophie Germain, mwanahisabati wa Ufaransa aliyezaliwa 1776. Chuo kikubwa cha hisabati cha Paris hakikupokea wanawake, naye akawa anamwandikia Gauss, mwanahisabati mashuhuri wa Ujerumani, kwa jina la mwanamume. Ukiwa nalo mkononi, hata swali la kutisha kama "onyesha kwamba 545⁴ + 4⁵⁴⁵ si namba tasa" linaisha kwa mstari mmoja: 4⁵⁴⁵ ni 4 × (4¹³⁶)⁴, basi weka a = 545 na b = 4¹³⁶.

Ugumu, kama unavyoona, hauna uhusiano na urefu. Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati ilipofanyika kwa mara ya kwanza, Romania mwaka 1959, swali la kwanza kabisa liliwataka washiriki wathibitishe kwamba sehemu (21n + 4)/(14n + 3) haiwezi kurahisishwa, kwa n asilia yoyote. Yaani kiasi na asili havina kigawo cha pamoja zaidi ya 1. Fikiria kipo kigawo d kinachozigawanya zote mbili. Basi d inaigawanya pia 3(14n + 3), na 2(21n + 4), na tofauti ya hizo mbili. Tofauti hiyo ni 42n + 9 − 42n − 8, yaani 1. Kwa hiyo d ni 1. Ndiyo yote. Wazo lililofanya kazi ni kuifukuza n: zidisha kila upande kwa namba itakayofanya vipande vya n vilingane, kisha toa. Umefanya hivyohivyo mara nyingi ukitatua milinganyo miwili ya darasani.

Kwenye aljebra isiyo ya namba kamili, ambako zao halikupi orodha fupi ya majibu, mimi hutafuta ulinganifu. Mfano: x + 1/x = 3; tafuta x⁵ + 1/x⁵. Mwanafunzi aliyefunzwa kutatua atakimbilia kuitafuta x, apate (3 + √5)/2, kisha aanze kuipandisha kipeo cha tano. Atafika, akiwa amechoka, kama hajakosea njiani. Lakini swali halikumtaka x. Lilitaka jumla ambayo haibadiliki ukibadilishana x na 1/x, na hiyo inajengeka kwa jumla kama hizo. Ukizidisha (xⁿ + 1/xⁿ) kwa (x + 1/x) unapata jumla ya kipeo kinachofuata pamoja na jumla ya kipeo kilichotangulia. Kwa hiyo kila jumla ni mara 3 ya iliyo nyuma yake, ukitoa iliyo nyuma zaidi. Ya kipeo 0 ni 2, ya kipeo 1 ni 3, halafu 9 − 2 = 7, 21 − 3 = 18, 54 − 7 = 47, 141 − 18 = 123. Jibu ni 123, na x hatukuigusa.

Wazo hilohilo linaua swali linaloonekana la kikatili: onyesha kwamba ∛(2 + √5) + ∛(2 − √5) ni namba nzima. Ziite a na b. Kila moja peke yake ni mbaya, lakini a³ + b³ = 4, na ab ni ∛(4 − 5), yaani −1. Iite jumla yao t. Kwa kuwa (a + b)³ = a³ + b³ + 3ab(a + b), tunapata t³ = 4 − 3t, au (t − 1)(t² + t + 4) = 0. Mabano ya pili hayawezi kuwa sifuri kwa t halisi, basi t = 1. Ukiona vipeuo vibaya viwili vinavyofanana kama mapacha, usimshughulikie mmoja mmoja. Tafuta jumla yao na zao lao.

Sasa baki, ambayo naona ndiyo silaha inayotumika kidogo mno kwa jinsi ilivyo rahisi. Je, zipo namba kamili x, y, z ambazo x² + y² + z² = 2015? Kompyuta itajaribu na kukwambia hapana. Wewe unaweza kuthibitisha kwa akili tupu. Kipeo cha pili kikigawanywa kwa 8 huacha baki gani? Kama namba ni shufwa, kipeo chake cha pili kinagawanyika kwa 4, basi baki ni 0 au 4. Kama ni witiri, iandike 2k + 1. Kipeo chake cha pili ni 4k(k + 1) + 1, na katika k na k + 1 mmoja lazima awe shufwa, kwa hiyo baki ni 1 daima. Baki zinazowezekana ni 0, 1 na 4 tu. Chukua tatu upendavyo na uzijumlishe: utapata baki 0, 1, 2, 3, 4, 5 na 6, lakini 7 hutaipata kamwe. Na 2015 ni 8 × 251 + 7. Imekwisha.

Kwa nini 8? Ungejaribu 4 usingefika popote: 2015 huacha baki 3, na witiri tatu huacha 1 + 1 + 1 = 3, kwa hiyo 4 haitoi kizuizi. Kuchagua kigawanyo ndiyo sanaa yenyewe, na kanuni ninayoifuata ni hii: chagua kigawanyo kinachofanya vipeo vya swali viwe na baki chache kadiri inavyowezekana. Kwa vipeo vya pili jaribu 3, 4, 5 na 8. Kwa vipeo vya tatu jaribu 7 na 9, kwa sababu kipeo cha tatu kikigawanywa kwa 9 huacha 0, 1 au 8 tu. Kwa vya nne, 16 (baki ni 0 au 1) au 5. Kwa vya tano, 11. Usizikariri bila kuzihesabu mwenyewe walau mara moja. Ni kazi ya dakika chache, na mkono ukishazipitia, akili huzitambua zikijitokeza.

Lakini ujue mpaka wa mbinu hii. Baki inaweza kuthibitisha kwamba jibu halipo. Haiwezi peke yake kuthibitisha kwamba lipo. Jumla ya vipeo vitatu vya tatu haiachi kamwe baki 4 wala 5 ikigawanywa kwa 9, hilo unaweza kuliona sasa hivi. Namba 42 haizuiwi na kipimo hicho, kwani baki yake ni 6. Hata hivyo ilikuwa mwaka 2019 ndipo wanahisabati Andrew Booker na Andrew Sutherland, kwa msaada wa kompyuta nyingi mno, walipopata namba kamili tatu ambazo vipeo vyake vya tatu vinajumlika kuwa 42. Kila moja ya hizo tatu ina tarakimu 17. Hebu fikiria: swali linaloeleweka na mtoto wa shule, na hatua yake ya kwanza ni ileile ya baki ya 9 uliyojifunza sasa hivi.

Na kwa kuwa nimesifu sana namba ndogo, lazima nikuonye juu yake pia. Fermat, mwanahisabati wa Ufaransa wa karne ya 17, aliziangalia 2¹ + 1, 2² + 1, 2⁴ + 1, 2⁸ + 1 na 2¹⁶ + 1, yaani 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote ni tasa. Akaamini kwamba zinazofuata katika mpangilio huo zitakuwa tasa pia. Mwaka 1732 Euler, mwanahisabati wa Uswisi, akaonyesha kwamba inayofuata, 2³² + 1, inagawanyika kwa 641. Namba yenyewe ni 4,294,967,297, lakini huhitaji kuigawanya. Tazama: 640 ni 5 × 2⁷, na imepungukiwa 1 tu kuwa 641, kwa hiyo tuseme 5 × 2⁷ ina baki −1. Ipandishe kipeo cha nne: 5⁴ × 2²⁸ ina baki 1. Lakini 5⁴ ni 625, nayo imepungukiwa 16 kufika 641, basi baki yake ni −16, yaani −2⁴. Badilisha: −2⁴ × 2²⁸ ina baki 1, maana yake 2³² ina baki −1, na 2³² + 1 ina baki 0. Isome tena polepole ukiwa na karatasi. Kwangu mimi hakuna mistari mitano mizuri kuliko hii katika hisabati yote ya sekondari. Namba ndogo hukupa shuku, na shuku ni mali. Uthibitisho ni kazi nyingine, na katika mashindano alama ziko kwenye uthibitisho.

Ipo mbinu moja zaidi ninayotaka uwe nayo: kubana. Kati ya vipeo viwili vya pili vinavyofuatana hakuna kipeo kingine cha pili. Jambo dogo, hata halistahili kuitwa kanuni. Lakini tafuta namba kamili zote n zinazofanya n⁴ + n³ + n² + n + 1 iwe kipeo cha pili cha namba kamili. Zao halipatikani, baki hazisaidii sana. Basi jiulize usemi huu uko karibu na kipeo gani cha pili. Karibu na kile cha n² + n/2, ila nusu inasumbua, kwa hiyo zidisha usemi wote kwa 4, ambayo yenyewe ni kipeo cha pili na haiharibu kitu. Sasa tuna 4n⁴ + 4n³ + 4n² + 4n + 4. Ukiulinganisha na (2n² + n)² unakuta umezidi kwa 3n² + 4n + 4, ambayo ni chanya kwa kila n. Ukiulinganisha na (2n² + n + 1)² unakuta umepungua kwa n² − 2n − 3, yaani (n − 3)(n + 1). Kama n ni kubwa kuliko 3 au ndogo kuliko −1, upungufu huo ni chanya, na usemi wetu umebanwa katikati ya vipeo viwili vya pili vinavyofuatana. Hauna pa kupita. Zimebaki namba tano za kujaribu kwa mkono: −1 inatoa 1, 0 inatoa 1, 1 inatoa 5, 2 inatoa 31, na 3 inatoa 121, ambayo ni 11². Majibu ni −1, 0 na 3.

Kuhusu kipaji: kipo, sikatai, na wapo wanaoona haraka kuliko wengine. Ila katika kiwango chako, kinachoitwa kipaji mara nyingi ni wingi wa maumbo ambayo mtu ameshakutana nayo na kuyafanyia kazi mwenyewe. Na hapo ndipo nina wasiwasi na namna unavyosoma. Unasema ukionyeshwa jibu unaelewa kila mstari. Kuelewa mstari uliokwisha kuandikwa hakukufundishi kuuandika. Kaa na swali angalau saa nzima kabla ya kufungua jibu, na saa hiyo isiwe ya kulitazama tu: andika visa vidogo, badilisha umbo, jaribu baki tatu tofauti, hata kama zote hazitoi kitu. Ukilazimika kufungua jibu, soma mstari wa kwanza pekee, ufunge, urudi kazini. Kesho yake liandike jibu lote upya bila kutazama.

Halafu fanya jambo ambalo karibu hakuna mwanafunzi analolifanya: libadilishe swali. Kwenye swali lako weka 18 mahali pa 17. Upande wa kulia unakuwa 12 badala ya 11, na majibu yanaruka kutoka manne hadi kumi na mawili, kwa sababu 12 ina vigawo vingi. Weka 6, na upande wa kulia unakuwa 0: ghafla majibu hayana mwisho. Ukishayaona haya, hutausahau mlinganyo wa aina hiyo maisha yako yote.

Nakuachia maswali machache. Tafuta namba asilia zote x na y ambazo 1/x + 1/y = 1/7; ondoa asili, kisha fanya kama tulivyofanya na xy − 3x + 2y. Tafuta n asilia zote ambazo n² + 20n + 11 ni kipeo cha pili. Kumbuka kwamba n² + 20n iko karibu sana na (n + 10)², na kwamba 89 ni tasa. Thibitisha kwamba n⁵ − n inagawanyika kwa 30 kwa kila n. Hili litaisha mapema.

La mwisho ni pacha. Tafuta n asilia zote ambazo 2ⁿ + 7 ni kipeo cha pili. Hilo litakuchukua dakika chache ukilijaribu kwa baki ya 4. Kisha badilisha alama: ni lini 2ⁿ − 7 ni kipeo cha pili? Namba ndogo zitakupa 3, 4, 5 na 7 upesi, na ukivumilia utafika 15, ambako 32,768 − 7 ni 181². Ukiendelea zaidi hutapata kitu, na pengine utataka kuthibitisha kwamba hakuna kingine. Ramanujan, mwanahisabati wa India, aliuliza hilohilo mwaka 1913, na uthibitisho ukapatikana 1948 kwa mkono wa Trygve Nagell wa Norway, kwa zana zilizo mbali na za sekondari. Kwa hiyo kwenye hilo la pili nataka tu unieleze baki zipi ulizijaribu na kwa nini hakuna hata moja inayoweza kulimaliza. Sababu yake iko katika yale niliyosema juu ya mpaka wa mbinu hiyo. Ukikwama kwenye lolote, niandikie ukurasa wako wa majaribio ulivyo, usiusafishe.